Kugawa na Kugawana: Uhakiki wa Maneno ya Mapatano ya Mto Nile

Mapatano yaliyoandikwa juu ya maji ya Mto Nile hutazamwa zaidi na wanasheria, wahandisi na wanasiasa. Wanasheria hutafuta nguvu yake, wahandisi huhesabu maji yake, na wanasiasa hushindania faida yake. Lakini mapatano ni maneno kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na maneno yana kawaida zake ambazo hazimtii sikuzote mwenye kuyaandika. Uhakiki huu wakusudia kuyatazama kwa jicho la lugha mapatano makuu matatu ya mto huo, yaani ya mwaka 1929, ya mwaka 1959 na ya mwaka 2010, na kuuliza swali moja: maneno yake yakitiwa katika Kiswahili, yasema nini?

Swali hili si la mapambo. Bonde la Nile lina nchi 11, na katika nyingi zilizo upande wa maziwa makuu Kiswahili chasemwa sokoni, mahakamani, kambini au bungeni. Hata hivyo hakuna hata moja kati ya mapatano hayo matatu lililoandikwa kwa lugha hii. Mkulima wa Musoma na mfugaji wa Narok hufungwa au hufunguliwa kwa maneno ambayo hawakuyasikia. Mbunge wa Tanzania, ambaye hujadili kwa Kiswahili, akiunga mkono mkataba huunga mkono maana aliyoipata kwa Kiswahili, wala si maana aliyokuwa nayo mwandishi katika lugha nyingine. Kwa watu wengi, basi, tafsiri si kivuli cha mkataba. Tafsiri ndiyo mkataba wenyewe. Tafsiri ikipotoka, watu wameahidi jambo wasilolijua.

I. Barua za mwaka 1929

Tarehe 7 Mei 1929 Serikali ya Uingereza na Serikali ya Misri zilipelekeana barua, na barua hizo zikawa mapatano. Lililo kubwa ndani yake kwa Afrika ya Mashariki ni hili: kwamba bila ya kukubaliana kwanza na Serikali ya Misri, isijengwe kazi yoyote ya kumwagilia mashamba wala ya kutoa nguvu za umeme katika Mto Nile na matawi yake, wala katika maziwa unamotoka, ikiwa maji hayo yamo katika Sudani au katika nchi zilizo chini ya utawala wa Waingereza, kwa namna itakayodhuru masilahi ya Misri, ama kwa kupunguza maji yanayofika huko, ama kwa kubadili wakati wa kufika kwake, ama kwa kushusha kina chake.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni kauli ya kutendwa. "Isijengwe": nani asijenge? Kauli hii humruhusu msemaji kumwacha mtenda gizani, na katika barua hizi ndivyo ilivyotumika. Tanganyika, Uganda na Kenya hazikutajwa kwa majina katika katazo hilo. Ziliingia kwa njia mbili tu, kwa kuwa na ziwa na kwa kuwa chini ya utawala wa wengine. Kiswahili huidhihirisha hali hiyo kuliko Kiingereza, kwa sababu upatanisho wake hutenga watu na vitu. Mwenye kuyafasiri masharti hayo ataandika "yamo" kwa maji, "zilizo" kwa nchi, "unamotoka" kwa mto. Lakini hatapata mahali pa kuwatilia wakazi wa pwani za Ziwa Viktoria kiambishi cha ngeli ya watu. Hawamo. Sarufi yenyewe yatoa ushahidi kwamba waliofungwa na ahadi hawakuwa upande wowote katika ahadi.

La pili ni neno "masilahi". Neno hili na neno "suluhu" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kutengenea na kufaa. Katika barua za mwaka 1929 masilahi yaliyolindwa dhidi ya wenye maziwa ni ya Misri. Masilahi ya nchi za maziwani hayakukanushwa, hayakufikiriwa. Tofauti hii si ndogo, maana jambo lililokanushwa laweza kujibiwa, lakini lisilofikiriwa halina hata mahali pa kuanzia jibu.

II. Mapatano ya mwaka 1959

Mapatano ya pili yalitiwa sahihi mjini Kairo tarehe 8 Novemba 1959 kati ya Sudani na Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, jina lililokuwa la Misri wakati ule. Hesabu yake ni nyepesi. Maji ya mwaka mmoja yanayofika Aswan yalikadiriwa kuwa meta za ujazo bilioni 84. Bilioni 10 ziliwekwa kando kwa yanayopotea, hasa kwa mvuke wa ziwa la bwawa kuu. Zilizobaki ni 74: Misri ikapata 55.5 na Sudani 18.5. Mapatano hayo yalijiita ya matumizi kamili ya maji ya Nile, na jina hilo lilikuwa la kweli: 55.5 na 18.5 na 10 ni 84, wala halikubaki tone la mtu wa tatu. Ethiopia, ambako hutoka kiasi cha sehemu 85 katika kila sehemu 100 za maji yanayofika Aswan, haikuwa katika kikao; wala nchi za maziwani hazikuwamo.

Hapa Kiswahili kina chombo kizuri cha uchambuzi, nacho ni minyambuliko ya kitenzi "gawa". Mwenye kugawa ni mmoja, na kitu kimo mkononi mwake. Mwenye kugawia huwapa wengine, naye hubaki kuwa mwenye kutoa. Kugawana ni jambo jingine: watendao ni wawili au zaidi, na kila mmoja wao ni mtoaji na mpokeaji kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu haisemwi "Juma amegawana" kisha ikaachwa hapo. Msikiaji atauliza, na nani?

Sentensi "Misri na Sudani ziligawana maji ya Nile" ni sahihi kisarufi. Walakini kauli ya kutendana ina ukuta wake: asiyetajwa katika kiima hayumo katika tendo. Kwa macho ya wale wawili, kulikuwa na kugawana. Kwa macho ya nchi nyingine za bonde, wawili waligawana kitu ambacho wenzao hawakuulizwa. Mwenye kusema kwamba maji ya Nile "yalikwisha kugawanywa mwaka 1959" ametumia kauli ya kutendwa, na kwa hiyo ameuficha ule udogo wa kiima. Msemo huo wafaa kuepukwa na kila mwandishi aliye makini.

Mapatano hayo hayakuwasahau wengine kabisa. Yalisema kwamba nchi nyingine za mto zikidai fungu, Misri na Sudani zitaitazama dai hiyo kwa pamoja na kuijibu kwa sauti moja, na kiasi kitakachokubaliwa kitapunguzwa nusu kwa nusu katika mafungu yao. Neno la Kiswahili litakalotumika hapa ni "kudai", nalo halikosi kuleta maana ambayo waandishi wa Kairo hawakuikusudia. Mtu akisema "namdai shilingi kumi," hasemi kwamba anaomba. Asema kwamba yule ana deni lake. Mdai hasimami mlangoni pamoja na mwombaji. Kwa hiyo kifungu kilichokusudiwa kuwaweka wengine katika hali ya wenye kuomba, kikifasiriwa kwa uaminifu kabisa, kinawaweka wale wawili katika hali ya wadaiwa. Mfasiri hakukosa; lugha imesema kilichokuwa kimefichwa.

III. Kurithi na kuridhia

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 4 Julai 1962 serikali yake iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba haifungwi na mapatano ya mwaka 1929. Msingi wa barua hiyo ulikuwa shauri la Julius Nyerere juu ya mikataba yote iliyofanywa na Waingereza kwa niaba ya Tanganyika: mikataba ya nchi mbili ingeendelea kwa muda wa miaka 2 ikiangaliwa, na ambayo haikukubaliwa upya ndani ya muda huo ingekoma, isipokuwa ile ambayo kwa kanuni za sheria ya mataifa haiwezi kukoma. Shauri hilo lilifuatwa na nchi nyingine zilizopata uhuru, na katika vitabu vya sheria laitwa kwa jina lake hata leo.

Kwa Kiswahili shauri lote hilo laweza kuelezwa kwa vitenzi viwili ambavyo masikio ya watu wengi huvichanganya: kurithi na kuridhia. Vyote viwili vimetoka katika Kiarabu, lakini mizizi yake ni mbalimbali. Kurithi ni kupokea cha marehemu. Mrithi haulizwi kama alikitaka, na pamoja na mali hupokea madeni. Kuridhia ni kukubali kwa moyo, na hakuwi bila ya mwenye kukubali. Katika ndimi nyingi za bara sauti za "th" na "dh" huwa "s" na "z", na mara nyingine hukaribiana zaidi ya hapo, hata msemaji asiyeangalia akasema kwamba nchi "imerithi mkataba" akikusudia kwamba imeuridhia. Makosa haya katika mambo ya kawaida huchekesha. Katika jambo hili yanageuza dai lote. Tanganyika ya mwaka 1962 ilisema kwamba haikurithi, kwa kuwa haikuridhia. Misri nayo imeshikilia kwamba mapatano ya mito hufuata ardhi kama mpaka ufuatavyo, yaani kwamba hurithiwa hata kama hayakuridhiwa. Yeyote anayefundisha habari hii kwa Kiswahili hana budi kuitamka "th" kwa uangalifu.

Tendo lilifuata neno. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kazi ya kupeleka maji ya Ziwa Viktoria Kahama na Shinyanga, nchi kavu yenye watu na mifugo mingi, bila ya kwanza kutafuta idhini ya Kairo.

IV. Mkataba wa mwaka 2010

Mwaka 1999 nchi za bonde zilianzisha mjini Dar es Salaam chombo cha kushauriana, na baada ya miaka mingi ya mazungumzo ukapatikana mkataba wa ushirikiano. Ulifunguliwa Entebbe tarehe 14 Mei 2010; siku ile Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia sahihi, Kenya ikafuata tarehe 19 Mei, na Burundi Februari 2011. Bunge la Tanzania liliuridhia mwaka 2015. Sudani Kusini ilipoingia mwaka 2024, idadi ya nchi sita ikatimia, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Misri na Sudani hazikuukubali.

Kilichowatenga ni kifungu kimoja, cha 14(b). Na ndani ya kifungu hicho ni maneno machache sana. Nchi nyingi zilikubali kwamba kila moja isiathiri kwa kiasi kikubwa uhakika wa maji wa nchi nyingine ya bonde. Misri na Sudani zilitaka isemwe kwamba kila moja isiathiri vibaya uhakika wa maji pamoja na matumizi na haki zilizopo sasa za nchi nyingine. Maafikiano yalishindikana, na kifungu kikawekwa katika nyongeza, ili kitatuliwe na Tume ya Bonde la Mto Nile katika muda wa miezi 6 baada ya kuundwa kwake. Basi neno hili bado halijapoa, na wenye lugha wana nafasi ya kusema kabla halijawa jiwe. Maneno matatu yataka kuangaliwa.

La kwanza ni "usalama". Neno la Kiingereza "security" huwapeleka wafasiri upesi kwenye "usalama wa maji". Tafsiri hiyo haifai. Katika Tanzania watu wamezoea kusikia "maji safi na salama", nayo ni maji yasiyo na maradhi. Mwananchi akisikia kwamba mkataba walinda "usalama wa maji", atadhani ni juu ya kipindupindu na kuchemsha maji ya kunywa. Tena "usalama" una harufu ya askari na mipaka, na harufu hiyo haifai kutiwa mahali ambapo vitisho vya vita vimesikika zaidi ya mara moja. Mkataba wenyewe waeleza maana ya istilahi hiyo: ni haki ya nchi zote za bonde kuyapata na kuyatumia maji ya Nile kwa kutegemea, kwa afya, kilimo, maisha, uzalishaji na mazingira. Maana hiyo ni "uhakika wa maji", kama isemwavyo "uhakika wa chakula". Aidha msomaji aangalie neno "zote". Kwa maelezo hayo uhakika wa maji si mali ya nchi moja inayolindwa dhidi ya nyingine. Ni hali ambayo wote wanayo au wote wanaikosa.

La pili ni "kuathiri". Asili ya neno ni alama au nyayo iliyoachwa, na katika Kiarabu athari yaweza kuwa njema au mbaya. Katika Kiswahili cha leo neno hili limekwisha kuelemea upande wa ubaya: walioathiriwa na mafuriko hawakupata faida. Kwa hiyo "kuathiri vibaya", ambayo ndiyo tafsiri ya "adversely", ni karibu kusema jambo moja mara mbili, na "kuathiri" peke yake kwatosha kuleta maana ile ile. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Gazeti likiandika, kwa kufupisha, kwamba "nchi za mkataba zimekubali zisiathiri maji ya wenzao", limeacha maneno "kwa kiasi kikubwa", na kwa kuyaacha limeandika karibu lile lililotakwa na Kairo. Mfasiri mwenye haraka ameamua shauri ambalo mawaziri walilishindwa.

Na hayo maneno "kwa kiasi kikubwa", yaliyosimama badala ya "significantly", yana udhaifu wake. Wahenga walisema: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Meta za ujazo bilioni 1 si sehemu 2 katika 100 za fungu ambalo Misri hujihesabia. Lakini kwa mkulima wa mwisho wa mfereji katika Delta, aliyekwisha kupungukiwa, chochote ni kikubwa. Misri ina watu zaidi ya milioni 100, mvua yake ni haba, na karibu maji yake yote hutoka katika mto huu mmoja. Hofu yake si ya kubuni, na uhakiki ulio mwaminifu hauna budi kuikiri. Kosa la mkataba si kuchagua neno la kiasi, bali ni kuliacha bila ya kipimo. Ukubwa upimwe kwa nani, mwezi gani, na katika mwaka wa mvua au wa ukame? Ethiopia ilianza kujenga bwawa lake kuu mwaka 2011, ikaanza kulijaza mwaka 2020, na kulizindua tarehe 9 Septemba 2025, nalo lina nafasi ya meta za ujazo bilioni 74. Tamko la misingi lililotiwa sahihi Khartoum mwaka 2015 lilitumia maneno ya jinsi hiyo hiyo, na miaka yote hiyo ilipita katika kubishania kipimo chake. Kazi ilikwisha, neno halijakwisha.

La tatu, na lililo zito kuliko yote, ni "haki". Katika Kiswahili neno hili moja hubeba mizigo miwili. Kuna haki aliyo nayo mtu, yaani kitu chake asichoweza kunyang'anywa. Na kuna haki itendwayo, yaani uadilifu wa hakimu. Misri husema juu ya haki zake za kihistoria: hiyo ni ya kwanza. Nchi za juu husema juu ya matumizi ya haki kwa wote: hiyo ni ya pili. Katika lugha nyingine haya ni maneno mawili, na wagombanao hujua kwamba wanatofautiana. Katika Kiswahili kisichoangaliwa wote wawili husema "tunataka haki", na msikiaji hudhani kwamba wamepatana.

Kiarabu kilipotaka jina la matumizi ya uadilifu katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 juu ya mito ya kimataifa, kilichukua neno la mzizi ule ule uliowapa Waswahili "nusu", na jingine la mzizi uliowapa "akili". Yaani mgawanyo ulio nusu bin nusu, unaokubalika kwa akili. Si lazima Kiswahili kiige hayo. Neno "usawa" halifai, kwa maana mafungu ya uadilifu si lazima yawe sawasawa. Lakini yafaa kuitenga mizigo miwili. Neno "haki" liachiwe kile kitu cha mtu. Matumizi ya siku nyingi, ambayo bado yashindaniwa kama ni haki au si haki, yaitwe "mazoea". Na ule uadilifu wa kugawana uelezwe kwa "stahili": kila nchi itumie kwa stahili yake na kwa kiasi. Hapo mbunge atajua anachoulizwa, yaani kama mazoea ya mmoja yahesabiwe kuwa haki mbele ya stahili za wote.

Sheria za Tanzania zenyewe zimekwisha kuliona jambo hili ndani ya nchi. Chini ya sheria ya mwaka 1974 mwenye kutumia maji ya mto alipewa haki ya maji. Chini ya sheria ya mwaka 2009 hupewa kibali cha kutumia maji. Haki imegeuka kuwa kibali, kwa sababu mito ilipungua na wenye haki walizidi. Ni vigumu kumweleza mwenye mfereji kwamba yeye ana kibali tu, na hali katika mkataba wa mataifa dola husema juu ya haki zisizoguswa.

V. Maneno ya wenye mifereji

Yaweza kuulizwa kama Kiswahili kina akiba ya maneno ya kutosha kwa kazi hii. Kina akiba, ila haikutafutwa mahali pake. Wafasiri wametafuta katika ofisi, na maneno yamo mashambani. Wachaga wamekata mifereji katika miteremko ya Kilimanjaro kwa vizazi vingi. Wapare hukusanya maji ya usiku katika ndiva na kuyafungulia mchana. Wabatemi wa Loliondo wana baraza la wazee, wenamiji, wenye kuyasimamia maji ya mashamba. Hakuna hata mmoja wao aliye katika bonde la Nile, lakini wote wamo katika eneo la lugha, na wamepata kushindana juu ya maji machache bila ya kuumaliza ujirani.

Neno lao kuu si fungu, bali ni zamu. Kwa asili zamu ni neno la mabaharia, kipimo cha saa za ulinzi chomboni. Fungu hupimwa kwa wingi, kama mafungu ya nyanya sokoni, na likikatwa huwa la mwenyewe hata mtoni pakikauka. Zamu hupimwa kwa wakati. Maji yakiwa mengi, kila mwenye zamu hupata mengi. Yakipungua, kila mmoja hupungukiwa, na hakuna anayeweza kusema kwamba lake halikuguswa. Mapatano ya mwaka 1959 ni mapatano ya mafungu, yaliyokatwa kwa kufuata wastani wa miaka. Mto haujui wastani. Ugomvi wa leo juu ya kujaza na kufungulia mabwawa ni ugomvi wa zamu: maji yazuiwe mwezi gani, yaachwe mwezi gani, na katika ukame wa miaka mingi nani apungukiwe kwanza. Kuueleza kwa lugha ya mafungu ni kuutia katika nguo isiyomwenea.

Neno "mgawo" nalo lataka tahadhari. Zamani lilikuwa na maana ya sehemu aliyopewa mtu. Siku hizi mwananchi akisikia "mgawo wa maji" hufikiri juu ya mifereji ya nyumbani iliyokauka, kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua. Waziri atakayerudi kutoka mkutanoni na kutangaza kwamba amepata "mgawo" wa Nile asishangae akipokewa kwa huzuni.

Mahali pa kuyajaribu maneno haya papo. Mto Mara hutoka katika milima ya Mau nchini Kenya, hupita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na kumwaga Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Kwa hiyo ni mtoto wa Nile. Sehemu kubwa ya bonde lake i Kenya, na mlango wake u Tanzania. Misitu ya chanzoni imekatwa, mashamba na miji imeongezeka, na wakati wa kiangazi wanyama wa Serengeti hawana mto mwingine wa kutegemea. Kenya na Tanzania ziliandikiana hati ya maelewano juu yake mwaka 2015. Hapa nchi ya juu na nchi ya chini zina lugha moja. Hata jina la pande hizo lataka uangalifu, maana "nchi zilizo chini ya mto" kwa Kiswahili ni nchi zilizofunikwa na maji. Lililo bora ni "nchi za mkondo wa chini". Ikiwa majirani hawa wawili hawawezi kuandika mapatano yao kwa lugha ambayo jumuiya za watumia maji za pande zote mbili huisoma, haifai kutumaini kwamba nchi 11 zitaelewana.

VI. Tamati

Itasemwa kwamba maneno hayaongezi maji. Ni kweli, hakuna istilahi itakayoleta mvua. Lakini ugomvi wa Nile haukusimama kwa miaka kumi na zaidi juu ya tone la maji. Ulisimama juu ya maneno machache ya kifungu cha 14(b). Walioyashikilia maneno hayo walijua kwamba katika mwaka wa ukame ndiyo yatakayosomwa.

Yapasa, basi, mkataba wa mwaka 2010 ufasiriwe kwa Kiswahili kabla Tume haijakitatua kifungu hicho, wala si baada yake. Kazi hiyo iwakutanishe mabaraza ya lugha ya nchi zinazohusika, wanasheria, na wenye mifereji wenyewe. Katika tafsiri hiyo "uhakika wa maji" uchukue nafasi ya "usalama wa maji". Haki, mazoea na stahili zitengwe. Kiasi kikubwa kisitajwe bila ya kipimo chake. Na zamu ipewe mahali pake karibu na fungu. Mahali ambapo Kiswahili kitakataa kuifuata sentensi ya Kiingereza, mfasiri asikilazimishe. Kwanza aulize kama sentensi yenyewe ilikuwa na maana moja.

Barua za mwaka 1929 zilikuwa za kugawa, na aliyeshika kisu alikuwa mmoja. Mapatano ya mwaka 1959 yalikuwa ya kugawana, lakini kwa wawili. Mkataba wa mwaka 2010 umekipanua kiima, nao ungali una watu wawili nje ya mlango, ambao ni wenye kiu kuliko wengine. Mpaka hao watakapoingia katika kiima, kitenzi hakijatimia.